Unabadilisha gari yadi? Usiangalie bei ya gari yako, angalia unaongeza shilingi ngapi

"Leta yako, ongeza kidogo, ondoka na kali." Matangazo ya aina hii yamejaa Instagram, na mabango yake yapo kwenye yadi nyingi za magari Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Mteja anaingia na gari yake ya zamani, yadi inaithamini, bei hiyo inatolewa kwenye bei ya gari anayoitaka, kisha analipa kilichobaki. Asubuhi amekuja na IST, mchana anaondoka na Vanguard.

Ni rahisi, na ndiyo maana watu wanaipenda. Hakuna kupiga picha na kuweka tangazo. Hakuna wageni wanaotaka "kuijaribu kidogo barabarani", wala simu za madalali usiku. Ila urahisi huo una bei, na bei hiyo huwa haijaandikwa kwenye bango. Wengi hawaioni kwa sababu wanabishania namba isiyo sahihi.

Namba wanayoibishania ni thamani ya gari yao. Inayotoka mfukoni ni nyongeza.

Yadi mbili, IST moja

Chukua mfano. Mtu ana Toyota IST ambayo mtaani, mkono kwa mkono, inaweza kuuzika kwa karibu Sh11 milioni. Anatafuta Toyota Vanguard.

Yadi ya kwanza inamwambia, "Bosi, IST yako tunaipa Sh11.5 milioni." Anafurahi, maana imezidi hata aliyoitegemea. Vanguard pale inauzwa Sh33 milioni, kwa hiyo ataongeza Sh21.5 milioni.

Yadi ya pili inaizunguka IST, inagonga bodi, inatikisa kichwa na kusema Sh9 milioni. Hiyo inauma. Lakini Vanguard ya mwaka uleule na hali ileile pale ni Sh29.5 milioni. Nyongeza ni Sh20.5 milioni.

Yadi iliyoonekana kumdharau ndiyo nafuu, kwa Sh1 milioni kamili. Ile ya kwanza haikumpa kitu. Ilipandisha bei ya Vanguard, ikakata kipande cha pongezi hiyo na kumrudishia kama thamani ya IST.

Mchezo huu si wa Bongo peke yake, wauzaji wa magari duniani kote wanaujua. Hapa unakwenda vizuri zaidi kwa sababu magari mengi yadi hayana bei iliyobandikwa kwenye kioo. Bei inatajwa kwa mdomo, na inatajwa baada ya muuzaji kujua mteja amekuja na nini. Aliyekuja na gari ya kubadilisha anatajiwa bei moja, aliyekuja na hela taslimu anatajiwa nyingine.

Dawa yake ni mpangilio wa maswali. Mteja aulize kwanza bei ya mwisho ya gari anayoitaka kwa kulipa taslimu, abishane mpaka ifike mwisho, bila kutaja kabisa kwamba ana gari ya kutoa. Wengine huiacha gari yao mbali na kuingia kwa miguu. Bei ikishatajwa, ndipo anauliza la pili: "Na nikiwaletea IST, mnaichukua kwa ngapi?" Muuzaji akiirudia bei ya Vanguard na kuipandisha, tayari ameonyesha anachofanya.

Kuna swali la tatu ambalo wachache huliuliza: yadi ingeinunua IST kwa shilingi ngapi kama mteja hachukui gari yoyote pale? Jibu la swali hili ndiyo thamani halisi ya IST machoni mwa yadi. Kila shilingi iliyo juu ya hapo imetoka kwenye bei ya gari nyingine.

Yadi inapataje bei yake

Kupewa chini ya bei ya mtaani si wizi. Yadi inahesabu kinyumenyume. Inaanza na bei itakayoiuza gari hiyo, inatoa gharama za kunyoosha, rangi, tairi na mambo ya injini, inatoa kamisheni ya dalali atakayeleta mnunuzi, inatoa faida yake, halafu inatoa kitu kwa ajili ya miezi ambayo gari inaweza kukaa pale inapigwa jua. Kinachobaki ndicho anachotajiwa mteja. Swali la maana ni chini kiasi gani.

Jambo la kwanza wanaloangalia, hata kabla ya kufungua boneti, ni namba. Namba za magari Tanzania huenda kwa mfululizo, na herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho inaonyesha gari ilisajiliwa zama zipi. Ndiyo maana mtu haambiwi tu "IST ya 2004", anaambiwa "IST namba D". Gari mbili za mwaka mmoja wa kutengenezwa, moja namba C na nyingine namba E, hazina bei moja. Ya pili imekaa miaka mingi zaidi kwenye lami ya Japani na michache kwenye mashimo ya huku. Mwenye namba C anayelinganisha gari yake na tangazo la namba E anajidanganya mapema, na muuzaji atamrudisha chini kwa sekunde moja.

Kinachofuata ni wepesi wa kuuzika. IST, Passo, Vitz, RAV4 na Harrier hazikai yadi, kwa sababu mafundi wanazijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Gari ya Ulaya ambayo spea yake inaagizwa inakatwa bei zaidi, hata kama ni nzima kuliko hizo. Hilo linawauma wenye BMW na Volkswagen, lakini yadi inanunua kitu cha kuuza, hainunui gari ya kuendesha.

Halafu kuna injini. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kama injini iliwahi kubadilishwa na kadi haikurekebishwa, yadi itakataa au itatumia hitilafu hiyo kukata bei vibaya. Mwenye gari analijua hili tangu siku alipobadilisha injini, ila huwa analikumbuka akiwa amesimama mbele ya muuzaji.

Hela za kutumia kabla ya kwenda

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Kuna anayepeleka gari chafu, ina taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi na tairi moja kipara. Na kuna anayepiga rangi gari nzima wiki moja kabla, kitu ambacho kinamtia muuzaji wasiwasi zaidi, maana rangi mpya kwenye gari kuukuu inaleta swali la nini kimefichwa chini yake.

Kinacholipa ni kuosha vizuri ndani na nje, kubadilisha balbu zilizoungua na kukusanya risiti za sevisi kama zipo. Zaidi ya hapo, kitu chenye faida kubwa ni karatasi kutoka kwa fundi. Muuzaji atasema shoki zimekufa na atoe Sh500,000. Mwenye gari akiwa na makadirio ya gereji kwamba shoki hizo, na ufundi wake, ni Sh180,000, mazungumzo yanabadilika hapo hapo. Bila hiyo karatasi, kila kasoro itakuwa na bei anayoitaka muuzaji.

Bei ya mtaani nayo ijulikane kabla. Jiji na kurasa za Instagram zinaonyesha bei ambazo watu wanataka kuuza, na hizo siyo bei wanazouzia kweli. Tangazo lililokaa miezi mitatu na bei ileile ni ushahidi kwamba bei hiyo haijapata mtu.

Kukagua bei ya gari ya yadi

Huku ndiko hela nyingi inapotea, kwa sababu gari ya milioni 30 ina nafasi kubwa ya kuongezewa kuliko gari ya milioni 10 ya kupunguzwa. Na bahati nzuri bei hii inaweza kupimwa kwa simu.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo kwenye tovuti yake cha kodi za magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Mtu anachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, mfumo unamtolea thamani inayotumiwa na TRA na jumla ya kodi. Ndani yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Juu ya hayo kuna ushuru wa uchakavu: gari ya miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na iliyozidi miaka 10 asilimia 30. Hii ya mwisho ndiyo inayowashangaza wanaoona gari ya bei chee kwenye tovuti za Japani.

Mteja akichukua bei ya gari kama hiyo kwa waagizaji wakubwa, kwa mfano BE FORWARD au SBT Japan, ikiwa na usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, akaongeza kodi, kisha gharama za bandari na wakala wa forodha, anapata picha ya gari ileile ingemgharimu kiasi gani kuiagiza. Yadi ina haki ya kuweka faida juu yake. Ila mtu akijua hesabu inaishia Sh26 milioni, Sh33 milioni inaanza kusikika tofauti.

Kilomita nazo si za kuamini kwa macho. Kurudisha dashibodi nyuma ni kazi ndogo. Gari iliyotoka Japani huwa na hati ya usafirishaji ya huko, na mara nyingi hati hiyo ina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kama yadi ina hati, ilinganishwe na dashibodi na namba ya chasisi. Kama haina, isihesabiwe kwamba gari ina "kilomita chache", na bei ishuke ipasavyo.

Je, kuuza mwenyewe kunalipa?

Turudi kwa mwenye IST. Kule yadi ya pili, kwa kubadilisha, anaongeza Sh20.5 milioni. Tuseme angekuja na hela taslimu na kuipunguza Vanguard hadi Sh29 milioni. IST akaiuza mwenyewe kwa Sh10.8 milioni, dalali akachukua Sh400,000, zikabaki Sh10.4 milioni. Kutoka mfukoni ingekuwa Sh18.6 milioni.

Tofauti ni Sh1.9 milioni. Hiyo ndiyo bei ya urahisi, na si kila mtu atakosea akiilipa. Anayehamia mkoa mwingine wiki ijayo anaweza kuona ni sawa. Mwenye gari yenye tatizo ambalo kila mnunuzi wa mtaani atalikimbia pia anaweza kuona ni sawa, kwa sababu kwake ile Sh10.8 milioni haipo kabisa.

Dereva wa Bolt ana hesabu yake. Kama akiuza gari kwanza atakaa wiki tatu bila kazi akitafuta nyingine, na kwa siku hubakiwa na Sh40,000, amepoteza Sh840,000. Faida ya kuuza mwenyewe inashuka hadi Sh1.06 milioni. Bado ipo, ila si ile aliyoiona mwanzo, na hapo hajahesabu marejesho ya mkopo kama anao.

Jina linalobaki kwenye kadi

Bei ikishakubaliwa, watu hupumua. Hatari kubwa kuliko ya hela huanza hapo.

Yadi nyingi hazihamishi umiliki wa gari iliyopokelewa kuja kwenye jina lao. Zinasubiri mnunuzi wa mwisho, ili uhamisho ufanyike mara moja na gharama zake zilipwe mara moja. Kwa hiyo mwenye gari anaombwa aache kadi halisi, picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho na mkataba wa mauziano aliousaini, ambao sehemu ya jina la mnunuzi ipo wazi. "Tutajaza akipatikana mtu, usijali dada."

Gari inaweza kupata mtu wiki ijayo. Inaweza pia kukaa miezi minne, ikiendeshwa na vijana wa yadi, ikipelekwa kwa wateja kujaribiwa, au ikauzwa kwa mtu ambaye naye hana haraka ya kuhamisha. Muda wote huo, kwenye mfumo wa TRA, gari ni ya yule aliyeitoa. Ikipigwa faini ya trafiki, inaonekana chini ya namba yake ya zamani. Ikigonga mtu na dereva akakimbia, au ikikutwa kwenye tukio la uhalifu, jina la kwanza polisi watakalolipata ni lake.

Njia iliyo safi ni uhamisho kufanyika siku ya makabidhiano, TIN za pande zote mbili zikiwepo, na gharama zake ziwe sehemu ya mazungumzo ya bei. Yadi ikikataa katakata, mwenye gari asisaini mkataba wenye nafasi tupu. Jina la yadi, TIN yake na jina la aliyepokea gari viandikwe, pamoja na tarehe na saa ya kukabidhi funguo, na mkataba upigwe muhuri wa wakili. Saa si jambo dogo: ajali ya saa kumi jioni na gari iliyokabidhiwa saa tano asubuhi ni vitu viwili tofauti. Iandikwe pia siku ya mwisho ambayo yadi lazima iwe imehamisha umiliki.

Baada ya hapo, madeni ya namba ile yanaweza kuangaliwa kwa simu kwenye mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi, TMS. Faini mpya ikionekana kabla ya uhamisho, yadi ipigiwe simu siku hiyohiyo. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwamba gari imetoka mikononi.

Upande wa pili wa kadi

Gari anayoichukua mteja nayo ina kadi, na mara nyingi jina lililomo si la yadi. Inaweza kuwa ya mteja mwingine aliyebadilisha kabla yake. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyeiegesha pale iuzwe kwa niaba yake, jambo la kawaida sana.

Hii ya pili inaeleza kwa nini baadhi ya ofa huwa mbaya hivyo. Mwenye gari hiyo anataka hela, hana shida na IST ya mtu. Ili biashara ifanyike, yadi inabidi imlipe yeye taslimu na ibaki na IST mkononi, kwa hiyo inaikata IST bei mpaka ijisikie salama. Kwa hiyo kuuliza "hii gari ni ya yadi au ya mtu?" kunasaidia pande mbili: mteja anajua aliyepo kwenye kadi, na anajua kama ana nafasi ya kubishana. Gari ambayo ni mali ya yadi yenyewe, tena imekaa muda mrefu, ndiyo rahisi zaidi kubadilishana nayo.

Namba za chasisi na injini zilinganishwe na kadi halisi, wala si nakala. Kama yadi inasema kadi "ipo benki", maana yake gari bado ina mkopo, na hela isitoke mpaka benki yenyewe ithibitishe deni limebaki kiasi gani.

Kilichoandikwa kwenye karatasi

Mikataba mingi ya kubadilisha inataja nyongeza peke yake: mteja amelipa Sh20.5 milioni, amepewa Vanguard. IST imetajwa kwa namba tu, au haikutajwa. Ikitokea Vanguard ina tatizo la umiliki na ikabidi irudi, yadi itarudisha Sh20.5 milioni na kusema ndizo ilizopokea. IST itakuwa imeshauzwa.

Bei zote mbili ziandikwe: Vanguard Sh29.5 milioni, IST Sh9 milioni, nyongeza Sh20.5 milioni. Iandikwe pia kwamba umiliki ukishindikana kuhama, mteja anarudishiwa gari yake au Sh9 milioni juu ya nyongeza aliyolipa. Risiti ya EFD itolewe siku ya malipo. Na kama yadi inataka advansi ya "kushikilia gari", karatasi ya advansi iseme wazi hela hiyo inarudi au hairudi fundi wa mteja akiikagua Vanguard na kuikataa, kwa sababu muuzaji aliyesema kwa mdomo kwamba inarudi huenda siku hiyo akawa amebadilishwa zamu.